Je, Wajua? Mguu wa Mzee Katika Mji wa Vilima

Mtu wa Bukavu hajui safari ya tambarare. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka ukingoni mwake mji unapanda tu: Muhumba na Nguba chini kwenye rasi, Kadutu na Bagira juu vilimani. Anayelala Kadutu na kufanya kazi Ibanda hushuka asubuhi na kupanda jioni. Akifika miaka 70, kilima ni kile kile.

Mambo yafuatayo yanahusu uzee wenye afya, yaani mtu ambaye hakuvunjika wala kupooza, ila amekula chumvi nyingi. Utaona kwamba umri unachukua sehemu yake ya mguu, na kukaa tu kunachukua sehemu nyingine. Mara nyingi tunaulaumu umri kwa hasara zote mbili.

1. Paja huanza kupungua mapema

Je, wajua kwamba msuli wa paja huanza kupungua mtu akiwa na miaka 25 hivi? Mwaka 1988 Jan Lexell na wenzake wa Sweden walichapisha uchunguzi wa msuli mkubwa ulio upande wa nje wa paja. Waliutoa mzima kutoka kwenye maiti za wanaume 43 wa miaka 15 hadi 83 ambao kabla ya kufa walikuwa na afya njema, wakaukata vipande vyembamba na kuhesabu nyuzi zake.

Kufikia miaka 50, msuli ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 10. Baada ya hapo kasi iliongezeka: kati ya miaka 20 na 80, upungufu wote ulifika kama asilimia 40. Sehemu kubwa ya hasara hiyo haikutokana na nyuzi kukonda. Nyuzi zenyewe zilikuwa zimetoweka.

2. Mikono huchelewa

Mama wa miaka 70 anaweza kutwanga sombe kwenye kinu mpaka ilainike, halafu akashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Hakuna ajabu hapo. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Ian Janssen walipiga picha za ndani ya mwili wa watu 468, wanawake kwa wanaume, na kupima misuli yao yote. Katika umri mkubwa, misuli ya sehemu ya chini ya mwili ilikuwa imepungua zaidi kuliko ile ya juu. Katika mguu wenyewe, msuli wa mbele wa paja, ule unaonyoosha goti, huumia kuliko ule wa nyuma. Huo wa mbele ndio unaotuinua kutoka kwenye kiti na kutupandisha ngazi.

3. Nguvu hutangulia, nyama hufuata

Je, wajua kwamba mguu unaweza kubaki mnene huku nguvu zimekwisha? Huko Marekani, katika miji ya Memphis na Pittsburgh, watafiti waliwafuatilia kwa miaka kadhaa watu waliokuwa na miaka 70 hadi 79. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba nguvu za mguu zilishuka kama mara tatu kuliko ukubwa wa msuli ulivyoshuka. Hata waliobaki na msuli ule ule, au kuuongeza, walipoteza nguvu.

Sababu ni zaidi ya moja. Mafuta hupenya katikati ya nyuzi, na amri ya ubongo hufika msulini ikiwa dhaifu. Kwa hiyo kumtazama mzee na kusema "bado ana mwili" hakutoshi. Jambo la kuangalia ni namna anavyosimama.

4. Kasi ndiyo inayokwenda mbele ya vyote

Msuli una nyuzi za aina mbili kuu. Kuna za pole, zinazofanya kazi muda mrefu bila kuchoka, na kuna za kasi, zinazofyatuka mara moja na kuchoka upesi. Uzee hukondesha zaidi hizi za kasi. Uchunguzi wa Dawn Skelton na wenzake nchini Uingereza, uliotolewa mwaka 1994, uliwapima watu wenye afya wa miaka 65 hadi 89. Nguvu za misuli zilipungua kwa asilimia 1 hadi 2 kila mwaka wa umri, lakini uwezo wa kuzitumia nguvu hizo kwa haraka ulipungua kwa asilimia 3 na zaidi.

Ndiyo maana mzee anaweza kutembea polepole kutoka Nyawera mpaka Kadutu bila kulalamika, lakini pikipiki ikitokea ghafla kwenye kona anachelewa kuruka pembeni. Uvumilivu bado anao, kilichopungua ni ule mfyatuko wa haraka. Hata kuanguka mara nyingi huanzia hapo: kidole kinajikwaa kwenye jiwe, na mguu wa pili unachelewa kidogo tu kuja mbele kuudaka mwili.

5. Nyuzi yatima hupata mlezi

Kila uzi wa msuli hupokea amri kutoka kwa seli ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, na seli moja husimamia nyuzi nyingi. Mwaka 1977 Tomlinson na Irving wa Uingereza walihesabu seli hizo za miguu katika uti wa mgongo wa marehemu 47 wa miaka 13 hadi 95. Mpaka miaka 60 hawakuona upungufu wa maana. Baada ya hapo seli zilipungua, na kwa baadhi ya watu zilibaki kama nusu.

Seli ikifa, nyuzi zake hubaki yatima. Seli ya jirani hutuma tawi na kuzichukua, kama jamaa anayewaingiza watoto wa ndugu yake katika nyumba ambayo tayari imejaa. Nyingi huokolewa, lakini huishi kwa tabia ya mlezi mpya: nyuzi zilizokuwa za kasi hugeuka kuwa za pole. Na kwa kuwa seli moja sasa inaamuru nyuzi nyingi kwa mpigo, mguu hupoteza ule wepesi wa kupima nguvu kidogo kidogo. Zile ambazo hazikupata mlezi hunyauka na kutoweka. Ndizo Lexell alizozikosa alipohesabu.

6. Hata mpangilio wa ndani hubadilika

Je, wajua kwamba nyuzi za shavu la mguu hazikulala wima? Zimelala mshazari, na mshazari huo huruhusu nyuzi nyingi kupangwa katika nafasi ndogo. Mwaka 2003 Marco Narici na wenzake waliwalinganisha wanaume wa miaka 70 hadi 81 na vijana wa miaka 27 hadi 42 ambao mazoea yao ya kazi na mazoezi yalifanana. Kwa wazee, ujazo wa msuli huo ulikuwa mdogo kwa asilimia 25, mafungu ya nyuzi yalikuwa mafupi kwa asilimia 10, na mshazari ulikuwa umepungua kwa asilimia 13.

Fungu fupi la nyuzi hujikunja kwa kasi ndogo kuliko refu. Kwa hiyo upole wa mguu wa mzee una chanzo kingine tena, nacho kiko katika umbo la msuli wenyewe. Mwili hutafuta njia ya kuzunguka tatizo hilo. Mwaka 2000 Paul DeVita na Tibor Hortobágyi walionyesha kwamba wazee wanapotembea hutumia kifundo cha mguu kidogo na nyonga zaidi. Tazama wazee wakipanda kutoka ziwani: kiwiliwili kimeinamishwa mbele, hatua ni fupi, na kazi ambayo kijana huifanya kwa shavu la mguu wao huifanya kwa nyonga.

7. Kushuka hula akiba zaidi kuliko kupanda

Ukimuuliza mtu yeyote Bukavu kilicho kigumu, atasema kupanda. Pumzi inamuunga mkono, lakini goti la mzee lina jibu lingine. Mwaka 2003 Hortobágyi na wenzake walipima ni sehemu gani ya nguvu zote za paja inayotumika katika kazi za kila siku. Kijana alitumia asilimia 54 kupanda ngazi na asilimia 42 kushuka. Mzee alitumia asilimia 78 kupanda, na kushuka alitumia 88. Kusimama tu kutoka kwenye kiti kulimchukulia asilimia 80.

Maana yake ni kwamba mzee anaposhuka ngazi anafanya kazi karibu na ukomo wake, hata kama hatweti. Akiba iliyobaki ya kumwokoa akiteleza ni ndogo. Bukavu mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na katika miezi hiyo vijia vya udongo vya Kadutu huwa utelezi mtupu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio wengi kati ya wanaopoteza maisha ni watu wazima wa miaka 60 na zaidi. Mkono wa mjukuu unahitajika zaidi wakati wa kuteremka.

8. Na bado kushuka ni mazoezi mazuri

Je, wajua kwamba msuli unaorefuka huku unazuia mzigo hutumia pumzi kidogo kuliko unaojikunja? Mwaka 1952 wanasayansi watatu wa Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie, waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo mmoja, zikipeana mgongo. Mmoja alikanyaga pedali kwenda mbele, mwenzake akajaribu kumzuia. Nguvu zilikuwa sawa, lakini aliyezuia alitumia oksijeni kidogo sana. Kuteremka kilima ni kazi ya aina hiyo: paja linazuia mwili usiporomoke.

Habari njema ni kwamba uwezo huu wa kuzuia hudumu uzeeni kuliko uwezo wa kusukuma, na hujengeka kwa mazoezi. Mwaka 2017 Trevor Chen na wenzake nchini Taiwan waliandika juu ya wanawake wazee wanene waliogawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi moja lilikuwa likipanda ngazi tu na kushuka kwa lifti, la pili lilikuwa likishuka tu. Walioshuka waliongeza nguvu za mapaja zaidi ya mara mbili ya walivyoongeza waliopanda. Bukavu haihitaji lifti kwa zoezi hilo. Pikipiki ya kupanda na miguu ya kushuka inatosha, mradi njia iwe kavu na mzee aanze na mteremko mfupi.

9. Mzigo wa kichwani una hesabu yake

Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwapima wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa kamba inayopita juu ya paji la uso. Mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu wakitembea. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulieleza siri yake: mwendo wao huurudisha vizuri zaidi msukumo wa hatua moja katika hatua inayofuata.

Kamba ya paji la uso inajulikana sana Bukavu. Simama kidogo karibu na soko la Nyamugo uwatazame wabebaji. Mama ameinama, kamba imebana paji la uso, mikono miwili imeishika karibu na masikio, na mgongoni kuna gunia la makaa au la unga ambalo pengine linakaribia uzito wake mwenyewe. Hapo ile asilimia 20 imepitwa mbali sana. Tena wale wa Kenya walipimwa kwenye mashine tambarare, na juu ya kilima kila kilo ina bei yake. Mwili hujenga msuli kwa mzigo unaofuatwa na mapumziko na chakula. Mzigo wa kila siku usio na vyote viwili humchosha mtu bila kumpa akiba ya uzee, na wanaosema "huyu mama ni wa chuma" wasisahau hilo.

10. Wahadzabe hukaa sana, lakini hawakai kwenye kiti

Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, hupumzika karibu saa 10 kila siku bila kuhesabu usingizi. Ni muda unaokaribiana na ule wa watu wa mijini. David Raichlen na wenzake, katika makala ya mwaka 2020, walionyesha tofauti: sehemu ya mapumziko hayo Wahadzabe huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu haizimiki kabisa kama inavyozimika kwenye kiti chenye mgongo.

Bukavu nako, anayepika juu ya mbabula huchuchumaa, huinuka kuchukua maji, hurudi chini kupuliza makaa, huinuka tena. Katika asubuhi moja paja lake limefanya kazi ambayo mzee aliyewekwa sebuleni haifanyi kwa wiki nzima.

11. Siku kumi kitandani zinatosha

Mwaka 2007 Patrick Kortebein na wenzake huko Marekani waliwalaza kitandani kwa siku 10 watu wazima wenye afya, wastani wa miaka 67. Hawakuwa wagonjwa, na chakula walipewa. Walipoamka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama isiyo mafuta, na nguvu za kunyoosha goti zilikuwa zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 10.

Hapa ndipo desturi yetu inapohitaji kuangaliwa upya. Mzee akipona malaria, watoto humwambia: "Mzee, kaa, tutakuletea." Maji yanaletwa, kiti kinaletwa, hata kopo la kunawia linaletwa. Ni heshima, na nia ni njema. Lakini anayeletewa kila kitu kwa mwezi mzima atapoteza miguu, na sisi tutasema umri umemfikia.

12. Miaka 90 haijafunga mlango

Je, wajua kwamba msuli wa mtu wa miaka 90 bado hukua? Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston waliwachukua watu 10 wa miaka 86 hadi 96, dhaifu, wanaoishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wakawanyanyulisha vyuma kwa mapaja kwa wiki 8. Nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ukubwa wa paja uliongezeka kwa asilimia 9. Ongezeko la nguvu kuzidi lile la nyama linaonyesha kwamba neva ndizo zilizoamka kwanza. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo.

Msuli una hazina yake ya kujitengeneza. Mwaka 1961 Alexander Mauro aligundua, katika msuli wa chura, seli ndogo zilizolala pembezoni mwa kila uzi. Uzi ukichanika kidogo kwa kazi, seli hizo huamka na kuutengeneza. Uzeeni hupungua, hasa kando ya nyuzi za kasi, lakini hazimaliziki, na mazoezi huziongeza.

Na asiyeacha kabisa? Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vya misuli ya waendesha baiskeli 90 wa miaka 55 hadi 79 ambao walikuwa wakiendesha miaka na miaka. Sifa nyingi za msuli wao wa paja hazikuonyesha uhusiano na umri.

13. Sahani ya mzee inataka samaki zaidi

Msuli wa mzee huitikia protini kwa ugumu zaidi kuliko wa kijana, kwa hiyo unahitaji zaidi. Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa mzee mwenye afya. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Bugali peke yake, hasa wa mihogo, hautafika huko. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa hutoa protini gramu 8 au 9. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ni wasaidizi wakubwa, na hata wao ni wageni: waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika nyumba nyingi samaki hugawiwa wageni na wanaume wa kazi kwanza, na bibi hupata mchuzi. Hesabu ya msuli ingependa iwe kinyume.

14. Udhaifu wa ghafla si uzee

Uzee huchukua miaka. Miguu ikikakamaa au kulegea kwa siku moja au mbili, tafuta sababu nyingine. Mojawapo inajulikana Kongo tangu Giovanni Trolli alipoiandika mwaka 1938 huko Kwango: konzo, inayokakamaza miguu yote miwili ghafla na isipone. Hutokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, pamoja na ukosefu wa protini, na huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba konzo imeonekana hata Kivu Kusini, katika eneo lililosumbuliwa na vita. Mguu mmoja ukilegea ghafla pamoja na mkono wa upande ule ule, hiyo ni dalili ya kiharusi: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

15. Kiti na saa vinatosha kupima

Wataalamu wa Ulaya waliochapisha vipimo vipya mwaka 2019 hawakudai mashine kwa hatua ya kwanza. Mketishe mzee kwenye kiti cha kawaida kilichoegemezwa ukutani, mikono imekunjwa kifuani, asimame na kuketi mara tano upesi awezavyo. Akizidi sekunde 15, misuli yake inashukiwa kuwa dhaifu. Kisha pima mita 4 mahali tambarare, kama utapapata, na umwambie atembee mwendo wake wa kila siku. Mwenye kutumia sekunde 5 au zaidi naye anahitaji kuangaliwa.

Kiti hicho hicho ni dawa ya kwanza. Asimame na kuketi mara nane au kumi asubuhi na jioni, akianza kwa kushika meza ikibidi, mtu akiwa amesimama karibu. Siku anazoona ni rahisi, ainuke kwa haraka na kuketi polepole: kuinuka haraka huamsha nyuzi za kasi, kuketi polepole hufundisha paja kazi ya mteremko. Baada ya wiki 8 apimwe tena kwa saa ile ile, na matokeo yaandikwe ukutani watoto wayaone kabla hawajamwambia tena akae.